Mkasi uliotoka Vilnius na swali la Mama Kulwa

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kliniki ya selimundu hapa Mwanza, tukisubiri majina ya watoto yaitwe, mama mmoja aliponiuliza swali ambalo nililibeba hadi nyumbani. Tumezoeana naye kwa sababu tarehe za watoto wetu hukaribiana, na humu nitamwita Mama Kulwa. "Mwalimu," aliniambia, "juzi redioni nimesikia kwamba huko kwa wenzetu wanaukata ugonjwa huu ndani ya damu kwa mkasi, mtoto anapona. Ni kweli, au ndiyo yale yale ya kikombe cha Loliondo?" Nilimjibu kwamba ni kweli, ila bado ni mbali na sisi. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kumbembeleza mwanawe. Mimi jibu langu halikuniridhisha, kwa kuwa nafundisha Baiolojia kidato cha tatu na cha nne, na kama ningeulizwa swali hilo na mwanafunzi nisingethubutu kumjibu kwa sentensi moja. Usiku ule nikaanza kusoma, na usomaji ukanifikisha mahali ambapo sikutarajia kabisa, yaani kwenye maabara iliyochunguza bakteria wa maziwa mgando nchini Lithuania.

Niseme kwanza tunaugua nini. Binti yangu ana miaka 9. Katika jeni inayoelekeza mwili utengeneze himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, herufi moja imebadilika, penye A pakakaa T, na kwa sababu ya herufi hiyo chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu zinapopungukiwa hewa ya oksijeni. Chembe zilizojikunja hukwama kwenye mishipa midogo, na zinapokwama ndipo maumivu huanza. Alipokuwa na miezi 8 vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba kama ndizi mzuzu. Kituo kimoja tulichompeleka, ambacho sina sababu ya kukitaja, kilimtibu malaria mara tatu mfululizo kabla ya mtu yeyote kufikiria kupima damu yake kwa ugonjwa mwingine. Mpaka leo, watoto wa mtaani kwetu wanapokimbilia ziwani jua likiwa kali, yeye hubaki juu ya jiwe akiwalindia nguo, kwa sababu maji ya baridi yakimpata mwili mzima, usiku hatulali.

Si ajabu kwamba benchi letu hujaa. Mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni yenyewe imeshamiri katika maeneo kama haya yetu ambako mbu hawajawahi kwenda likizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ukakuta kwamba takriban mmoja kati ya kila 5 alikuwa na jeni moja ya selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya kila 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Kinachonivutia katika utafiti huo ni namna damu ilivyopatikana. Matone yalikuwa yamekwisha kukaushwa kwenye kadi za karatasi kwa ajili ya kuwapima watoto hao virusi vya UKIMWI, na watafiti wa hospitali ya Bugando hapa Mwanza na wenzao wakazitoa kadi hizo na kuziuliza swali la pili. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano upya kwa ajili ya hesabu hiyo.

Sasa turudi Lithuania. Ni nchi iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, yenye watu wasiofika milioni 3, wakati sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3.6 katika Mkoa wa Mwanza peke yake. Chuo Kikuu cha Vilnius kilianzishwa mwaka 1579, na kwa miongo mingi wanasayansi wa mji huo wamekuwa mabingwa wa vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia, ambavyo bakteria hutumia kukata DNA (ule uzi wa herufi zinazounda jeni) ya virusi vinavyowavamia. Mmoja wao ni Virginijus Šikšnys, mwanakemia ambaye kwa muda mrefu wa kazi yake alichunguza vimeng'enya vya aina hiyo. Huko Vilnius, anakoishi na kufanyia kazi, selimundu si ugonjwa wa kila kliniki kama ulivyo kwetu, na sijaona popote kwamba alianza kazi yake akiwafikiria watoto wa aina ya binti yangu. Alikuwa anataka kujua bakteria hujilinda vipi.

Bakteria aliyemshughulisha anaitwa Streptococcus thermophilus, naye ni miongoni mwa wale wanaogandisha maziwa yawe mtindi. Marehemu bibi yangu kule Magu alikuwa na kibuyu ambacho hakukiosha kikatakata kabisa, bali aliacha maziwa kidogo ya jana chini ili yagandishe ya leo. Kuna siku maziwa yalikataa kuganda, yakabaki majimaji yenye harufu, na bibi akamshuku jirani fulani kwa jicho baya. Katika viwanda vya maziwa vya Ulaya hasara ya namna hiyo inajulikana sana, na chanzo chake mara nyingi ni virusi vinavyoshambulia bakteria wa kugandisha. (Kwa hiyo huenda yule jirani alionewa bure.) Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Danisco, akiwamo Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, walionyesha kwamba bakteria hao wa mtindi wakinusurika shambulio, huchukua kipande cha DNA ya kirusi na kukitunza ndani ya DNA yao wenyewe, kisha kirusi yule akirudi hupigwa. Wanasayansi huiita sehemu hiyo ya kumbukumbu CRISPR. Darasani nimeifananisha na karatasi ambayo mangi hubandika ukutani dukani yenye majina ya wadeni sugu: kila anayeingia hulinganishwa na orodha, na jina lake likionekana, hapewi hata kiberiti.

Ila orodha peke yake haimzuii mtu. Lazima awepo wa kumtoa nje. Mwaka 2011 kundi la Šikšnys lilichukua mfumo huo mzima kutoka kwa bakteria wa mtindi, likauhamishia kwa bakteria wa aina nyingine kabisa, E. coli, nao ukafanya kazi kule ugenini. Wakabaini pia kwamba protini moja, Cas9, ndiyo inayohitajika katika kazi ya kujilinda. Kisha wakaitoa Cas9 na kuitazama ikiwa peke yake kwenye chupa za maabara. Matokeo, ambayo Giedrius Gasiunas ndiye mwandishi wake wa kwanza, yanasomeka kama maelezo ya fundi anayekufungulia mashine. Cas9 ina makali mawili, na DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana. Kila kali hukata uzi wake. Ukiharibu kali moja, uzi mmoja tu hukatika. Mahali pa kukata huelekezwa na kipande cha RNA, ndugu wa DNA mwenye uzi mmoja, chenye herufi 20 zinazolingana na herufi za DNA inayotafutwa, kwa hiyo ukibadilisha herufi hizo 20, mkasi unakwenda kukata mahali pengine unapotaka wewe. Hapo ndipo kinga ya bakteria ilipogeuka kuwa zana mkononi mwa binadamu.

Makala hiyo ilipelekwa kwenye jarida la Cell mwezi Aprili 2012, ikarudishwa bila hata kupelekwa kwa wasomaji wa nje wanaohakiki makala. Ikapelekwa kwa jarida jingine, PNAS, na kutoka mwezi Septemba. Katikati ya miezi hiyo, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipeleka makala yao kwa jarida la Science mwanzoni mwa Juni, nayo ikatoka kabla mwezi haujaisha. Mwaka 2018 Šikšnys, Charpentier na Doudna waligawana tuzo ya Kavli, tuzo ya kimataifa ya sayansi. Mwaka 2020 Nobeli ya Kemia ilikwenda kwa akina mama wawili. Nimeona watu wakilizungumza jambo hili kana kwamba Mlithuania aliporwa, nami sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu Charpentier na Doudna walieleza kazi ya RNA ya pili ambayo mkasi hauwezi kukata bila hiyo, kisha wakaziunganisha RNA mbili kuwa moja, hatua iliyoifanya zana iwe rahisi kwa maabara yoyote. Lakini mhariri aliyeirudisha ile makala ya Aprili, ningependa kujua alikuwa ameshinda na kazi gani siku hiyo. Sisi tunaosahihisha mitihani tunaijua vizuri ile hali ya kufika kwenye karatasi ya mia mbili macho yakiwa yamekwisha.

Nikaendelea kusoma ili niweze kumjibu Mama Kulwa kuhusu tiba yenyewe, na hapa sitaki kuongeza chumvi. Dawa iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi Desemba mwaka huo huo, inaitwa Casgevy, na mkasi uliotumika humo unatokana na bakteria mwingine, Streptococcus pyogenes, yule ambaye Charpentier na Doudna walimchunguza. Mkasi wa mtindi ni ndugu yake. Tena mkasi huo wa Casgevy haurekebishi ile herufi iliyokosewa. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haijikunji, na baada ya kuzaliwa jeni iitwayo BCL11A huizima polepole. Mkasi hukata sehemu inayoiwezesha BCL11A kufanya kazi ndani ya seli zinazozaa damu, na ile himoglobini ya tumboni hurudi. Katika majaribio, wagonjwa 31 walifuatiliwa kwa muda wa kutosha, na 29 kati yao walipitisha angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kubwa la maumivu. Miezi 12! Binti yangu hajawahi kumaliza muhula mmoja.

Gharama yake ni hii. Seli shina za mgonjwa, yaani zile zinazozaa damu, huvunwa kutoka kwenye damu yake na kupelekwa maabara zikakatwe, halafu mgonjwa hupewa dawa kali za kemo ili kuufyeka uboho wa zamani, ule ute wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu, ndipo seli zilizokatwa zirudishwe mwilini naye akae hospitalini wiki kadhaa akisubiri zishike. Dawa zile za kemo zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Idhini ya kwanza ilihusu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea, na bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nilijaribu kuigeuza kuwa shilingi kwa simu yangu, nikaacha. Watafiti sasa wanatafuta namna ya kuupeleka mkasi mwilini kwa sindano tu, bila kuvuna seli wala kemo, na hiyo ndiyo njia ambayo mimi ningeifuatilia, kwa sababu hospitali yenye jokofu na muuguzi huenda ikaweza kuitumia.

Jambo lililonifanya niweke kitabu chini na kwenda kuangalia kabati la dawa ni kwamba kidonge cha haidroksiyurea ambacho binti yangu humeza kila jioni hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa kuiamsha himoglobini ya tumboni, ingawa kwa nguvu ndogo na kwa sharti la kumezwa kila siku. Watu walikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria kingeleta madhara. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na ng'ambo ya ziwa letu kule Mbale, Uganda, ukachapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto walipata maumivu machache zaidi, waliongezewa damu mara chache zaidi, na hata malaria ilipungua. Kwa hiyo wazo ambalo wenzetu wanalilipia mamilioni ya dola limo pia ndani ya ile kopo ya plastiki iliyo juu ya friji yetu, tukiweza kuipata bila kukosa na tukienda kupimwa damu kama tulivyoelekezwa.

Wiki hii nilikutana tena na Mama Kulwa. Nilimweleza yote haya kwa urefu, tena nikajikuta nachora Cas9 kwa kidole kwenye vumbi la benchi. Nilipofika kwenye bakteria wa mtindi alinikatiza. "Kumbe basi nimpe mtindi kwa wingi?" Ikanibidi nirudi nyuma kueleza kwamba mtindi ni chakula kizuri, ila bakteria akinywewa hawezi kwenda kukata chochote ndani ya uboho wa mtoto. Akacheka, akasema mimi ndiye niliyeleta habari za vibuyu.

Halafu akaweka mkono tumboni, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kitenge chake kilikuwa kimefungwa juu zaidi ya kawaida. "Na huyu, Mwalimu, nitamjuaje?" Nilimwambia kwamba kama yeye na baba Kulwa wote wana ile jeni moja moja, basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, na aliyetangulia kuugua hapunguzi wala haongezi nafasi ya huyu. Nilimwambia pia asisubiri vidole vivimbe kama nilivyosubiri mimi, kwa sababu tone la damu ya kisigino katika siku za kwanza linatosha kupima. Aliniomba nimwandikie jina la kipimo kwenye karatasi ili siku ya kujifungua amwonyeshe muuguzi. Nikachana ukurasa wa mwisho wa daftari la kliniki la binti yangu, nikamwandikia.