Siku Mjomba Alipokataa Kuandika Pamba

Mjomba wangu ana daftari la shule ambalo halina kitu ndani isipokuwa mabingwa wa Ligi Daraja la Kwanza, ile iliyo chini ya Ligi Kuu ya soka Tanzania na ambayo siku hizi inaitwa Championship, na timu zilizopanda. Ligi Kuu haimo. Huko, husema, watunza kumbukumbu wamejaa. Taja Simba au Yanga kwa kubahatisha na mara nyingi utapatia. Lakini muulize mtu ni nani aliyechukua ubingwa wa daraja la kwanza misimu michache tu iliyopita, uone atakavyokodoa macho.

Aprili 2024 tulikuwa uani kwake, Kirumba, Mwanza, siku ya mechi za mwisho. Pamba Jiji, timu yetu ya Mwanza, ilikuwa Arusha, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ikicheza na Mbuni. Redio ilikuwa juu ya kigoda, vijana wa mtaani wameizunguka huku simu zao zikileta habari za viwanja vingine. Mjomba alikaa pembeni, daftari mapajani, kalamu sikioni.

Asiyekulia Mwanza huenda asielewe uzito wa siku ile. Pamba ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2001. Mjomba aliwaona kwa macho yake George Masatu, Hussein Marsha, Nico Bambaga, Fumo Felician na Khalfan Ngassa wakiwa na jezi ile, kabla watoto waliozunguka redio hawajazaliwa. Wao Pamba waliijua kwa kusimuliwa tu, na kwa machungu ya karibuni: msimu uliotangulia ilifika hatua ya mchujo ikatolewa na Mashujaa ya Kigoma, ambao ndio wakapanda. Mji mkubwa kama huu ukawa unazishangilia timu zake zilizokuja nyuma ya Pamba. Mbao ilikuwa imepita Ligi Kuu, Alliance nayo ikapita. Pamba ikabaki chini.

Kipenga cha mwisho kilipolia sikusikia tena mtangazaji alisema nini. Pamba imeshinda, Pamba imepanda! Bodaboda zote za barabarani zilipiga honi kwa wakati mmoja. "TP Lindanda!" huyu anapaza, "Wana Kawekamo!" wanaitikia wale, yote majina ya utani ya Pamba. Mama mmoja jirani alitoka na kanga begani akacheza peke yake katikati ya ua, nasi tukampisha. Mjomba alilia waziwazi, bila kujifuta.

Kijana mmoja, jirani yetu, akamwinamia. "Mjomba, andika sasa. Pamba. Kwa wino mwekundu."

"Bingwa nani?" mjomba akauliza.

"Mjomba, si tumepanda?"

"Tumepanda, namshukuru Mungu. Nauliza bingwa nani."

Bingwa alikuwa Ken Gold ya Chunya, mkoani Mbeya. Pamba ilimaliza ya pili. Kijana alisema hilo halina maana, tiketi ni ileile kwa wa kwanza na wa pili, na wengi pale walimuunga mkono. Mimi nilikuwa upande wa mjomba, nami ni Pamba damu. Ligi ile ngumu mno kuliko watu wanavyodhani: timu 16, mechi 30, safari za basi usiku kucha kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine, viwanja ambavyo mpira unadunda unavyotaka wenyewe. Anayemaliza juu ya wote amefanya kazi kubwa, halafu ndani ya miezi michache anaingia Ligi Kuu akiwa mgeni asiyejulikana na ubingwa wake unazimwa na kelele za wakubwa. Asipoandikwa siku hiyohiyo, amepotea.

Mjomba alifungua kurasa za nyuma akamwonyesha. Enzi za makundi, kila kundi na kinara wake, kila mji ukijiita bingwa. Ukurasa wa 2016 umekatwakatwa kwa kalamu, kwa sababu timu nne za kundi moja zilishushwa kwa upangaji wa matokeo na Mbao ndiyo ikapanda; mwaka mmoja baadaye Mbao hao wakacheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba pale Dodoma. Ukurasa wa 2018 umejaa hadi pembeni: sita zilipanda kwa mpigo, KMC, JKT Tanzania, African Lyon, Coastal Union, Alliance na Biashara United, Ligi Kuu ilipoongezwa ikawa na timu 20.

"Hawa wote," akasema, "kuna mahali walishangiliwa kama tunavyoshangilia sisi leo. Niwafute?"

Kijana hakujibu. Mjomba akaandika kwa wino wa bluu: 2023/24, Ken Gold. Mstari wa chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona katika daftari lile, akaandika PAMBA JIJI, ya pili, imepanda. Kisha akanyanyuka, akaomba apandishwe bodaboda apelekwe mjini kwenye shangwe.

Ken Gold hawakudumu; msimu uliofuata walishika mkia wakashuka. Daraja la chini nalo likapata bingwa mpya, Mtibwa Sugar, wale waliokuwa mabingwa wa Tanzania 1999 na 2000 na kushuka mwaka uleule Pamba ilipopanda. Habari hiyo mjomba aliletewa na kijana yuleyule, kwa simu, akimsomea polepole: "Andika, mjomba. Bingwa Mtibwa. Wa pili Mbeya City."