Geuza pambo, soma mgongo wake

Jumapili, usiku

Watu wakishika pambo la kale la Java huliangalia usoni, na usoni ndiko linakodanganya. Mimi naamini mgongo: viungo vya lehemu, alama za tindo, uchafu wa miaka uliojibana kwenye kona.

Chukua suweng. Ni pambo la ndewe, pana kama kifungo cha koti, lenye shina nene la kupita kwenye tundu la sikio. Bibi wa Lamu angeliita jasi bila kusita. Mawe yake mara nyingi ni intan, almasi ya mchongo wa zamani: juu nyuso ndogo za pembetatu, chini bapa. Wajava huitenga na berlian, ile ya mchongo wa kisasa inayorusha mwanga kwa ukali. Intan humulika kwa upole, na asiyeijua hudhani ni kioo. Kwa kuwa jiwe ni bapa, sonara aliziba mgongo wa kikalio na kutandika chini yake karatasi nyembamba ya madini ili irudishe mwanga. Maji yakipenya humo, karatasi hugeuka nyeusi na jiwe linakufa. Kwa hiyo usilitumbukize pambo la namna hii, wala usimkubalie fundi mwenye mashine ya kuoshea kwa mtetemo. Brashi laini na kitambaa chenye unyevu kidogo vinatosha.

Dhahabu tupu, isiyo na mawe wala uwazi ndani, ndiyo ya kupima usafi wake kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, irudishe sifuri, kisha ning'iniza pambo kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa glasi. Namba unayoiona ndiyo ujazo. Pambo la gramu 8.90 likionyesha 0.50, gawanya gramu kwa ujazo: 17.8, yaani karibu karati 22. Ukipata 10 na kitu, shuku fedha iliyopakwa dhahabu. 8 na kitu, shaba au shaba nyeupe. Kipovu kimoja kikinasa kwenye nakshi huongeza ujazo, na dhahabu nzuri inaonekana hafifu. Tone la sabuni ndani ya maji hukiondoa. Suasa, mchanganyiko wa dhahabu na shaba, huangukia katikati. Huo si ulaghai, na binafsi naipenda rangi yake.

Wekundu juu ya dhahabu nao usiuguse. Ni sepuh: pambo limepikwa kwa shabu, chumvi na shura, fedha na shaba za juu zikaliwa, ikabaki dhahabu. (Kwa Kijava sepuh ni pia neno la heshima la kumwita mtu mzee.) Ukilipiga polishi umelichuna ngozi.

Peniti renteng ni pini tatu zilizoungwa kwa mkufu mwembamba, za kufungia kebaya, blauzi ya kike ya Java iliyo wazi mbele. Pima kila pini peke yake na linganisha bawaba zake. Moja ikiwa nzito kuliko dada zake, imebadilishwa. Kufuli jipya peke yake si kosa, pengine ni ukarabati tu.

Cunduk mentul, maua ya bibi harusi yanayochomekwa kwenye shungi kwa idadi witiri, yajaribu kwa kuyatikisa. Lazima yacheze. Yasipocheza, mtu alilehemu springi na moto ukaulegeza waya, haurudi.

Fedha ya Kotagede, Yogyakarta, ya zama za Wadachi mara nyingi ina muhuri wa 800, yaani sehemu 800 za fedha safi kwa kila 1000. Usiihifadhi na mpira wala sufu, maana salfa iliyomo huifanya nyeusi.

Dhahabu iliyotoka ardhini, ya aina iliyofukuliwa Wonoboyo, kijiji cha Java ya Kati, mwaka 1990, achana nayo kabisa. Hata vitu vya majuzi vina masharti: kwa sheria ya Indonesia namba 11 ya 2010, kitu chenye miaka 50 au zaidi kinaweza kuingizwa kwenye turathi, na kikishaingizwa hakitoki nchini bila kibali. Muulize muuzaji karatasi kabla ya bei.