Swala Hailipi Deni la Duka

Kipi kizito zaidi, kumwamini Mungu au kuishi na watu kwa wema? Swali hili huzuka sana msibani. Mmoja anasema marehemu hakukosa swala ya alfajiri msikitini. Wa pili anamjibu kwa sauti ya chini kwamba ni kweli, lakini amekufa anadaiwa na nusu ya mtaa. Nitalijibu kwa upande wa Uislamu kama tunavyoufuata pwani, kwa sababu huku jibu lina hesabu kabisa, na hesabu hiyo wengi wetu tunaikosea.

Zipo hadithi mbili katika Sahih Muslim, mkusanyiko wa maneno na matendo ya Mtume, na yafaa zisomwe pamoja. Katika moja, Bi Aisha, mkewe, anamuuliza Mtume (s.a.w.) habari za Ibn Jud'an, mtu wa zama za kabla ya Uislamu aliyekuwa akiunga udugu na kulisha maskini: je, yatamfaa hayo? Akajibiwa hayatamfaa, kwani hakuwahi kusema hata siku moja, "Mola wangu, nisamehe makosa yangu Siku ya Malipo." Katika ya pili, Mtume anawauliza masahaba kama wanamjua muflisi. Wakasema ni asiye na dirhamu wala bidhaa. Akawaambia muflisi wa umma wake ni atakayekuja na swala, saumu na zaka, ilhali alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya mwingine. Watagawiwa mema yake, na yakiisha kabla madai hayajaisha, atatwishwa madhambi yao.

Basi imani ndiyo msingi, sitalificha hilo. Ila haki ya mwenzako hailipwi kwa imani. Toba ya kosa lililo kati yako na Mungu ina masharti matatu: kuliacha, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa la kumdhulumu mtu lina la nne: umrudishie chake au akuhalalishie mwenyewe, yaani akuachie kwa radhi yake. Hata shahidi, aliyeuawa katika njia ya Mungu, husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Na katika Bukhari, mkusanyiko mwingine wa hadithi, imo habari ya jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari 3 bila cha kulilipia. Mtume akawaambia watu wamswalie mwenzao, yeye asimswalie, mpaka sahaba Abu Qatada aliposema deni lile ni juu yake.

Sasa tuone kurudisha haki ya mtu kunavyofanyika. Mwenye duka aliyekuwa akipunja gramu 50 katika kila kilo, akiuza kilo 20 za mchele kwa siku, amekula kilo nzima ya watu kila siku. Kwa siku 300 ni kilo 300. Akitaka kutubu, aanze na mizani: arekebishe mawe siku hiyohiyo. Wateja anaowakumbuka awafuate mmoja mmoja. Wasiojulikana, atoe thamani ya mchele wao kwa maskini kwa niaba yao. Hapa ndipo wengi hujikwaa: wanachanga pesa hizo msikitini na kujihesabia thawabu. Si sadaka yako hiyo, ni mali ya watu unaiondoa mkononi mwako. Akijitokeza mwenye mali baadaye na kudai chake, anastahili kulipwa. Mdai aliyekufa hulipiwa kwa warithi wake.

Kwa aliyefariki, mpangilio ni huu: gharama za mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi ya kilichobaki (tena usiwe kwa mrithi, ila wenzake wakiridhia), kisha mirathi. Tuseme ameacha shilingi milioni 6. Mazishi yamechukua 500,000, anadaiwa dukani 300,000, na mahari ya mkewe 1,000,000 hajailipa. Inabaki 4,200,000. Wasia hauwezi kuvuka 1,400,000. Kama wasia umechukua kiasi hicho chote, zinazogawiwa warithi ni 2,800,000, na mjane mwenye watoto na marehemu anapata thumuni yake, sehemu moja ya nane, yaani 350,000.

Kosa kubwa hutokea kabla karatasi haijashikwa. Mchele na nyama za hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, zinanunuliwa kwa pesa za marehemu, na siku ya tatu nusu yake imeshaliwa. Pesa ile ilikuwa na mwenye duka ndani yake, na mayatima ndani yake. Anayetaka kulisha watu alishe kwa pesa zake. Halafu lile tangazo la "anayemdai marehemu aje kwetu" lisiishie makaburini. Ateuliwe mtu mmoja, atajwe kwa jina na namba ya simu, apite mwenyewe kwenye maduka jirani kuuliza madaftari. Wadai wengi huona aibu kuja kudai kwenye msiba.

Na ile mahari. Mahari isiyolipwa ni deni kama deni jingine lolote, wala haimo ndani ya thumuni. Lakini utaona jeneza liko tayari kutoka, mjane anaitwa mlangoni, analia, wanaume wamesimama, anaulizwa: "Unamsamehe mumeo?" Atasema nini? Anaitikia kwa kichwa, na tangu hapo inahesabika amesamehe. Msamaha huo wa aibu siuhesabu kuwa msamaha, na inauma kuona watu wacha Mungu wakiupokea. Kuhalalisha kunataka radhi ya moyo. Aulizwe baadaye, machozi yamekauka, na mwanamke mwenzake anayemwamini, akitajiwa kiasi chenyewe: shilingi 1,000,000, unazitaka au unamwachia? Akisema anazitaka, anahesabiwa mkononi kabla mrithi yeyote hajagusa fungu lake.