Mbwa hawasomi tarehe

Mwaka 2011, wiki mbili kabla ya kurudi Tanga, nilinunua chupa ya bangi kwenye soko la vitu vya kale nje kidogo ya Detroit. Chupa tupu, niseme mapema. Ya kahawia, na chini kabisa ina utando mweusi uliokauka kama kahawa iliyosahauliwa kikombeni. Dola 85. Mimi ni mtu wa famasi, na udhaifu wangu ndio huo.

Lebo ndiyo iliyonitoa pesa. Parke-Davis, kampuni ya pale pale Detroit. Dawa ya bangi iliyolimwa Marekani, nguvu yake imepimwa. Muuzaji, mzee aliyejaza meza nzima chupa za namna hiyo, akanieleza walivyopima. Enzi hizo kemia haikuweza kuwaambia bangi ina nguvu kiasi gani, kwa hiyo walimlisha mbwa, wakakaa kumtazama. Akianza kuyumba, dawa inafaa. Na si mambo ya uchochoroni hayo: bangi ilikuwamo katika kitabu rasmi cha dawa cha Marekani tangu 1850 mpaka 1942.

Nikampigia mjomba, askari mstaafu, nikitamba.

"Imeandikwa bangi?"

"Cannabis, mjomba. Lakini ya zamani sana, kabla hujazaliwa."

"Mbwa wa uwanja wa ndege hawasomi tarehe, mjomba. Ioshe au iache huko huko."

Saa nane usiku usingizi ulikuwa haujaja. Nikainuka, nikajaza beseni maji ya moto na sabuni, nikaitumbukiza ili utando uachie. Utando haukuachia. Kilichoachia ni lebo. Niliikuta inaelea, nikaiokota kwa ncha za vidole, ikawa uji. Na yule mzee alikuwa amenionyesha boksi chini ya meza, chupa zisizo na lebo: dola 5, chagua mwenyewe.

Utando wenyewe ulitoka asubuhi, kwa punje za mchele na kutikisa mpaka mkono ukafa ganzi.

Dar es Salaam sikuona mbwa hata mmoja. Ofisa wa forodha alifungua begi, akaitoa chupa kwenye soksi.

"Hii nini?"

"Chupa ya dawa, ya kizamani."

Akaigeuza, akachungulia ndani, akainusa.

"Marekani umekaa miaka mingapi?"

"Minne."

Akairudisha kwenye soksi taratibu, akanifungia begi mwenyewe.