Maneno mawili ya "adimu"

Mteja alikuwa Lusaka, mzigo ni dagaa, na barua za Kiingereza kwenye ghala letu la Kirumba, Mwanza, nilikabidhiwa mimi. Nikaandika kwamba sisi ni "notorious" kwa dagaa safi. Simu ilikuwa imenitafsiria neno hilo: maarufu. Bosi akaituma barua. Kesho yake mteja akapiga kuuliza tuna matatizo gani.

Iliniuma sana. Kidato cha nne nilimaliza, Kiingereza nilifaulu, na bado neno moja limeniangusha mbele ya mteja.

Jirani yangu kule Nyegezi ni mwalimu mstaafu. Jioni nikabisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepooza hivyo?"

Nikamweleza. Akaingia ndani, akatoka na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, jalada limeshikiliwa na solotepu. Maelezo ya "notorious" yalisema ni mtu au kitu kinachojulikana kwa ubaya, na sentensi ya mfano chini yake ilimtaja mhalifu. Mwalimu akaweka kidole hapo. "Umeona neno hili linatembea na nani?"

Kamusi za namna hiyo nilikuwa nazikwepa. Kama neno limenishinda, maelezo yake ya Kiingereza nitayawezea wapi? Kumbe zimeandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Wachapishaji Longman walipotoa kamusi yao ya wanafunzi mwaka 1978, walijifunga kutumia maneno kama 2000 tu ya kawaida kuelezea mengine yote. Ukiyajua hayo, mlango uko wazi.

Kilichonifungua macho hasa ni "rare" na "scarce". Kwa Kiswahili yote mawili niliyajua kama "adimu", basi nikawa nayatumia ovyo. Kamusi ikayatenganisha: "rare" ni kitu kisichoonekana mara kwa mara, "scarce" ni kitu kilichopo pungufu ya mahitaji ya watu. Almasi ya waridi ya mgodi wa Mwadui ni "rare". Ukiikosa, maisha yanaendelea. Dagaa wakipungua mwaloni, akina mama wenye beseni wanarudi nyumbani mikono mitupu, na hapo neno ni "scarce". Nilikaa na maneno hayo mawili wiki nzima.

Tangu hapo nina kauntabuku. Kila neno nalipatia ukurasa: juu maelezo ya kamusi, nimeyanakili kwa mkono; katikati mfano wa kamusi; chini sentensi yangu, na lazima iwe ya kitu nilichokiona mwenyewe. Maneno matano kwa wiki, hayazidi. Niliwahi kujaribu ishirini na yote yakapotea.

Mfano wa kamusi usiuruke. Maelezo ya "reluctant" yaliniambia ni mtu anayesitasita, nami ningeandika "reluctant of going" bila wasiwasi. Mfano ndio ulionionyesha kwamba baada yake inakuja "to" na kitenzi. Nikaandika: "The fishermen were reluctant to go out because of the wind." Asubuhi hiyo nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, wamekaa kwenye kingo za mitumbwi, wanatazama mawimbi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusukuma.

Kila Jumamosi Mwalimu anapitia daftari. Neno likikaa vibaya analipigia mstari, halisahihishi. Ananirudisha kwenye kamusi nikatafute mwenyewe.

Mwezi uliopita mteja yuleyule aliulizia tani za ziada. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika. Nikamwandikia: "Dagaa are scarce when the moon is full. We can load after the dark nights return." Nikampelekea bosi. Akaisoma taratibu hadi mwisho, akachukua kalamu, akasaini.