Mlango wa uani: nilivyoandaa kumbukumbu ya babu aliyepigana Bukini

Babu yetu wa Tukuyu alikuwa na msemo wake: "Wafaransa tuliwatokea mlango wa uani." Sisi wajukuu tulicheka tu, tukidhani aliwahi kuiba kuku wa mzungu.

Mwaka jana nikataka ukoo tumfanyie ibada ya kumbukumbu. Kwenye sanduku lake la bati kulikuwa na nishani na kijitabu cha jeshi kilicholiwa na mchwa. Kilichosomeka ni "1/6 KAR" na "1942". Basi, keya wa Tanganyika, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Nilishajua kwamba Waingereza waliivamia Bukini, ndiyo Madagaska, alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, na Waingereza walihofia Wajapani wasije wakaiwahi bandari ya Diego Suarez. Nikatangaza ibada tarehe 5 Mei, michango ikaanza kuingia.

Nilikurupuka. Siku ile keya hawakuwapo. Kikosi cha babu kilikwenda baadaye na brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, iliyopanda kutoka bandari ya Majunga mwezi Septemba kuelekea mji mkuu, Tananarive, barabara ikiwa imezibwa kwa magogo na mawe. Baba mdogo akauliza kama na michango inaahirishwa. Nilinyamaza, maana mbuzi nilishamnunua.

Nikaendelea kusoma usiku, hadi nikafika kwenye mapigano ya Andramanalina, tarehe 18 Oktoba. Jeshi la Vichy limejificha bondeni, linamngoja adui aje kwa mbele. Keya wakajigawa mafungu mawili, wakalizunguka bonde, wakaibukia nyuma. Watu wapatao 800 wakasalimu amri.

Mlango wa uani! Nilimpigia shangazi saa tano ya usiku.

"Hilo mbona alisema," akajibu. "Walikatazwa hata kukohoa. Na waliotekwa, wengi walikuwa weusi kama yeye. Hilo halikumchekesha."

Ni kweli, askari wengi wa Wafaransa walikuwa Wamalagasi na Wasenegali. Shangazi akashikilia kwamba na hao waombewe, la sivyo haji. Nikawaandika kwenye ratiba, juu kabisa, kabla ya jina la babu.

Oktoba 18 tulisimama kaburini watu thelathini hivi, mvua ikinyunya. Nilisoma habari ya bonde lile polepole. Nilipofika pale keya walipotokea nyuma, wazee wakaitikia kwa pamoja: "Mlango wa uani!"

Nishani bado tunaigombania.