Vile mi hufuatilia wagonjwa wakishuka ushago, na simu na meseji za kawaida

Nafanya kazi Mukuru hapa Nairobi, nasimamia CHP, wale wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, kila mmoja na nyumba zake kama 100 hivi. Wenzangu wengi wameniuliza vile mi hufanya mgonjwa akitoka Nairobi asipotee, basi wacha niandike yote mara moja.

Shida yenyewe kama unafanya kazi huku unaijua. Mama akikaribia kujifungua anashuka kwa mamake, kijana kazi ya mjengo ikiisha anapanda gari Machakos Country Bus anaenda zake, na shule zikifungwa ndo kabisa ploti inabaki na watu wachache. Siku yake ya kliniki ikifika hayuko, kwa rejista anaandikwa ametoroka dawa. Na hajatoroka! Ako kwao, pengine ni jirani wa CHP wa kijiji hicho, ni vile tu huyo CHP hajui kuna mtu hapo ako kwa dawa.

TB ndo ilinisukuma nianze. Dawa za TB ya kawaida ni miezi 6, miwili ya kwanza anameza dawa nne pamoja, halafu miezi 4 inabaki mbili. Sasa mtu mwezi wa pili kikohozi kimeisha, mwili umerudi, anajiona amepona, na ndo wakati anapata nguvu ya kusafiri. Akikatiza hapo ugonjwa unaeza rudi ukiwa sugu na unaambukiza familia nzima. Hiyo mi siwezi kaa nayo tu nikiandika "hapatikani".

Kwanza ni namba. Mgonjwa akiniambia anashuka namwuliza lokesheni, sub-lokesheni, na naibu wa chifu wao ni nani. Watu wengi hawajui jina la dispensari ya kwao lakini naibu wa chifu wanamjua. Nampigia, najitambulisha, ugonjwa wa mtu sitaji, naomba tu namba ya CHP wa hicho kijiji. Halafu nampigia CHP mwenyewe, na hii ya kwanza lazima iwe ya kuongea, meseji haifai. Tunasalimiana, tunaulizana kama mvua imefika na watoto wako aje, akiwa ni mama wa rika la mamangu namwita mama, na tukishaelewana ndo namweleza kuna mtu wangu anakuja kwake na mgonjwa mwenyewe amekubali nimwambie. Mtu wa ushago hawezi fuatilia mgonjwa wa mtu asiyemjua. Akishajua sauti yangu, hizo meseji zingine zote anazichukulia kwa uzito.

Najua mtasema si kuna WhatsApp. Na ni kweli, tangu Septemba 2023 serikali ilipowapatia CHP zaidi ya 100,000 vifaa na simu janja, kazi imebadilika sana, ile programu ya simu ya eCHIS, ya kuandikia taarifa za nyumba tunazotembelea, inajazwa ata bila mtandao na inatuma baadaye ukifika penye mtandao. Mi naipenda. Lakini CHP mmoja wa Kitui ninayefanya kazi na yeye anasema simu kubwa ikifika jioni imezima, na kwake stima hakuna, anapeleka chaji sokoni. Kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, inakaa na moto siku kadhaa. Meseji ya kawaida ukiituma simu yake ikiwa imezima inangoja kwa kampuni ya simu, akiwasha inaingia, haihitaji data, haihitaji yeye afungue kitu. Halafu kwa grupu ya WhatsApp ujumbe wa maana unazikwa chini ya salamu za asubuhi na maua, mtu anaupata baada ya siku mbili.

Hii hapa ni moja, vile mi huituma:

"M14 DN mwezi 3. Amefika leo. Ana dawa za wiki 2. Mwone alhamisi, angalia macho, kula, kutapika. Jibu SAWA au SHIDA"

Hiyo yote inaingia ndani ya herufi 160 kwa hivyo ni meseji moja. M14 ni namba ya mgonjwa kwa kitabu changu. DN ni dawa ndefu, ndo TB, hatuandiki TB kwa sababu simu ya CHP inashikwa na watoto, inashikwa na mzee, na mambo ya ugonjwa wa mtu yanalindwa, tuna sheria ya data ya 2019 na ata bila sheria ni heshima ya mtu. Kuna meseji zingine za KD, hiyo ni kadi, mtoto anayedaiwa chanjo.

SAWA na SHIDA nilitoa kwa utafiti uliofanywa hapa kwetu, WelTel, kati ya 2007 na 2009, na watu 538 waliokuwa wanaanza ARV, dawa za HIV, kwa kliniki 3, mbili za Nairobi moja Kajiado. Nusu walikua wanatumiwa meseji kila wiki, neno moja tu, "Mambo?", na mtu anajibu sawa ama shida ndani ya saa 48. Akisema shida ama akinyamaza, anapigiwa. Matokeo yalitoka kwa The Lancet mwaka wa 2010, virusi vilikua vimedhibitiwa kwa 57% ya waliotumiwa meseji, na 48% kwa wale hawakutumiwa. Mi naamini nguvu ya hiyo kitu ni huyo mtu anayepiga. Meseji bila mtu upande ule mwingine ni kelele tu.

Kwa hivyo sheria yangu ni hii, SHIDA ikiingia napiga saa hiyo hiyo ata nikiwa kwa matatu. Na kama CHP hana kredo ananiflash mara mbili, mara moja ni salamu, mbili ni kuna kitu. CHP anapata shilingi 5,000 kwa mwezi, kumwambia anunue kredo ya mgonjwa wangu si haki, kwa hivyo simu za gharama ni zangu.

Kuna jioni niliflashiwa mara mbili kutoka Kitui kabla meseji haijaingia, halafu ikaingia, "M14 SHIDA macho". Nikapiga. Huyo CHP, ni mama, akaniambia macho ya mgonjwa yamekuwa rangi ya manjano, mkojo ni kama chai ya rangi, na chakula hataki ata kunusa. Dawa za TB zinaeza choma ini, na hizo ndo dalili. Nikampigia klinisho wetu, yule anayetibu hapa kliniki, akasema mgonjwa asimeze tena dawa hizo mpaka aonekane hospitali, kesho asubuhi mapema. Nikarudia hayo kwa CHP, yeye akayarudia kwangu neno kwa neno nisikie ameelewa, akatafuta mtu wa boda usiku huo ili alfajiri wasingojane. Mgonjwa alilazwa, baadaye akarudishiwa dawa moja moja, na alimaliza matibabu. Huyo mama CHP hajawahi fika Nairobi na hatujawahi onana.

Ya watoto ni rahisi kidogo. Mama alishuka na mtoto akaacha kile kijitabu cha kliniki kwa nyumba Mukuru, na mtoto alikua anadaiwa ile chanjo ya wiki 14. Jirani alikua na ufunguo, akaingia, akanisomea tarehe moja moja kwa simu, ya kuzaliwa, ya wiki 6, ya wiki 10, mi namsomea nesi wa dispensari ya huko na yeye anaandika kwa kitabu kipya. Mtoto akadungwa siku hiyo.

Kitu ingine, laini hupotea na watu hubadilisha namba. Kwa kila mgonjwa naandika namba tatu, ya CHP, ya nesi wa dispensari, na ya mtu wa familia aliyemchagua mwenyewe, na naziandika kwa kitabu cha karatasi pia. Desemba inakaribia, kwa hivyo saa hii nauliza kila mtu wa dawa anashuka lini na kwa naibu wa chifu gani.